Kupoza si Kutia Baridi: Juu ya Umeme Unaolifaa Bamba la Peltier katika Kompyuta

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kitu kidogo sana: bamba la mraba lenye sentimita 4 kila upande na unene wa milimita 4 hivi, lililotoa nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Likiunganishwa na betri, uso wake mmoja hupata ubaridi na uso wa pili hupata moto. Mafundi hulitoa katika mashine za maji ya kunywa zilizokwisha kuharibika, au katika visanduku vya kupozea vinywaji ndani ya gari, kisha wengine hulibandika juu ya prosesa ya kompyuta ili kuikinga na joto. Swali linaloulizwa kila mara ni moja: bamba hili lipewe umeme wa kiasi gani ili prosesa ipoe kadiri inavyowezekana?

Msomaji anaweza kushangaa kuona swali la namna hii katika jarida la taaluma za Kiswahili. Sababu ni kwamba jibu lisilo sahihi, ambalo ndilo linalosikika zaidi, halitokani na uhaba wa vipimo. Linatokana na sentensi. Mtu husema, «Ongeza umeme, baridi iongezeke,» na sentensi hiyo ni fasaha kabisa kisarufi. Aliyeisikia huiamini kwa sababu inafanana na sentensi nyingine za kweli: ongeza kuni, moto uongezeke; ongeza chumvi, mboga ikolee. Lakini kwa bamba hili sentensi hiyo ni kweli hadi mahali fulani tu, na baada ya hapo inageuka kuwa kinyume cha kweli.

Hapa Komanda jambo hili lina gharama. Komanda ni njia panda: barabara moja yaelekea Bunia, nyingine Mambasa hadi Kisangani, na ya tatu yashuka kwenda Beni. Penye njia panda pana abiria, na penye abiria pana watu wanaotaka kuchapishiwa barua, vyeti, maombi ya kazi na tasnifu. Ofisi za kuchapa hutegemea mabamba ya jua na betri, au jenereta inayokunywa mafuta yaliyosafiri mbali. Kila wati ina bei yake. Anayetumia wati 80 kupoza prosesa inayozalisha wati 35 hana budi kujua anachokinunua.

2. Asili ya bamba

Historia yake si fupi, ila tutaipita upesi. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mzaliwa wa mji unaoitwa leo Tallinn, aligundua kwamba metali mbili tofauti zikiunganishwa, na kiungo kimoja kikapashwa moto ilhali kingine kiko katika ubaridi, umeme hupita ndani yake. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Charles Athanase Peltier, ambaye awali alikuwa fundi wa saa, akaona kinyume chake: umeme ukipitishwa katika kiungo cha metali mbili, kiungo hicho hupata joto au hupoteza joto kulingana na upande unakoelekea mkondo. Mwaka 1838 Lenz aliweka tone la maji juu ya kiungo cha bismuthi na antimoni, akapitisha umeme, na tone likaganda. Alipogeuza mkondo, barafu ikayeyuka.

Kwa zaidi ya miaka 100 jambo hilo lilibaki ajabu ya maabara, kwa maana metali za kawaida hupitisha umeme vizuri lakini hupitisha na joto vizuri vilevile, hivyo joto lililotolewa upande mmoja hurudi upesi lilikotoka. Mabadiliko yaliletwa na nusukipitishi. Katika miaka ya 1950 Abram Ioffe na wenzake huko Leningrad walieneza elimu hiyo, na mwaka 1954 huko Uingereza Goldsmid na Douglas walionyesha uwezo wa mchanganyiko wa bismuthi na teluri, ambao ndio unaotumika hadi leo. Katika Umoja wa Kisovieti wa miaka hiyo palikuwa na taa ya mafuta iliyozungushiwa viungo vya namna hii ikaendesha redio katika vijiji visivyo na umeme. Huo ulikuwa ugunduzi wa Seebeck ukifanya kazi, na ni kifaa ambacho vijiji vyetu vingi vingekipokea kwa mikono miwili.

Bamba linalopatikana zaidi madukani na katika takataka za vifaa huandikwa TEC1-12706. Tarakimu hizo zasomeka hivi: 127 ni idadi ya jozi za viungo vilivyopangwa ndani yake kati ya vigae viwili vya kauri, na 06 ni ampea 6, mkondo wa juu unaokusudiwa. Volti yake ya juu ni 15 na kitu. Hapo ndipo wengi husimama: wameona tarakimu ya juu, basi huitafuta hiyo. Lakini kikomo cha juu ni mahali ambapo kifaa kinafikia mwisho wa uwezo wake katika hali ya maabara, wala si mahali kinapofanya kazi vizuri katika hali yako.

3. Kupoa, kupoza na baridi

Kabla ya hesabu, tutazame maneno. Kitenzi «poa» ni cha jamii ya vitenzi vilivyopoteza konsonanti ya kale l katikati. Konsonanti hiyo haikupotea bila kuacha alama: yaonekana katika «pole» na «polepole», na ndiyo iliyozaa z ya «poza», kama ilivyo katika «jaa» na «jaza», «potea» na «poteza», «legea» na «legeza». Kwa hiyo «poza» ni kufanya kitu kipoe, hakuna zaidi.

Sasa tutazame matumizi. Chai inapoa. Mama humpoza mtoto uji kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe. Hakuna mzungumzaji anayefikiri kwamba katika kumimina huko ametia kitu kiitwacho baridi ndani ya uji. Anajua kuwa joto limetoka, na kama aliweka mkono juu ya kikombe aliuhisi mvuke wake. Tena hatusemi «kupoza baridi». Yambwa ya «poza» ni kitu chenye joto. Kumbe lugha yenyewe, katika kitenzi chake cha asili, inaeleza fizikia kwa usahihi: kupoza ni kuondoa.

Tatizo laja na nomino «baridi», ambayo tuliipokea kutoka Kiarabu na ambayo tumeifanya kuwa kama kitu. Baridi huingia, hupiga, hushika. Friji «inatoa baridi». Kifaransa, kilicho karibu nasi mno katika ofisi na shule za Kongo, chatuongezea uzito upande huo kwa usemi wake wa kutengeneza baridi. Basi mtu anayeliita bamba la Peltier «kitoa baridi» amekwisha kujifunga: anaona kiwanda, na kiwanda kikipewa malighafi nyingi hutoa bidhaa nyingi. Angeliita «kihamisha joto» angeona mchukuzi, na papo hapo angeuliza: mchukuzi huyu anaupeleka wapi mzigo?

Jozi nyingine inayohitaji kutenganishwa ni «joto» na «halijoto». Wanafunzi wangu huyatumia kama kisawe, na kwa mazungumzo ya barazani hakuna ubaya. Katika mada hii ubaya upo. Joto ni wingi, kama maji yaliyomo katika pipa. Halijoto ni kimo cha maji hayo. Prosesa inayotumia wati 35 humwaga joto la wati 35 bila kukoma, iwe halijoto yake ni digrii 30 au 90. Kazi ya kupoza haimo katika kupunguza wati hizo. Imo katika kuzipatia njia ya kutokea ili kimo kisipande. (Neno «moto» nimeliacha makusudi. Katika Kiswahili cha Ituri lina kazi nyingi mno, na hapa Komanda, ambapo Lingala nayo husikika sokoni, mtu asiyezingatia toni anaweza kudhani tunazungumza juu ya binadamu.)

4. Mchukuzi na mzigo wake

Tulichukue bamba, basi, kama mchukuzi wa maji anayepanda mlima kutoka mtoni. Mambo matatu hutukia kwa pamoja.

La kwanza, umeme unapopita hubeba joto kutoka uso wa chini, ulio juu ya prosesa, kwenda uso wa juu. Kiasi kinachobebwa hulingana na ampea: ampea mara mbili, mzigo mara mbili. Kwa bamba la aina tuliyoitaja tunaweza kukadiria kuwa ni 0.05 mara ampea mara halijoto ya uso wa chini katika vizio vya kelvini (yaani digrii za selsiasi ukijumlisha 273).

La pili, bamba lina ukinzani, kama waya wo wote, nao tuukadirie kuwa omu 2. Umeme ukipita katika ukinzani huzalisha joto, na joto hilo hulingana na mraba wa ampea: ampea mara mbili, joto mara nne. Nusu ya joto hilo hushuka upande wa prosesa. Mchukuzi anatokwa jasho ndani ya ndoo yake mwenyewe.

La tatu, uso wa juu ukiwa na halijoto kubwa kuliko wa chini, joto huvuja na kurudi, kiasi cha nusu wati kwa kila digrii moja ya tofauti. Kadiri mlima ulivyo mrefu ndivyo ndoo inavyovuja.

Joto linaloondolewa kweli ni la kwanza likipunguzwa la pili na la tatu. Kwa kuwa la kwanza linakua kwa hatua sawa na la pili linakua kwa mraba, hapana budi pafike mahali ambapo kila ampea inayoongezwa inaleta joto jingi kuliko inavyolitoa. Hapo ndipo sentensi yetu ya «ongeza umeme, baridi iongezeke» inapokoma kuwa kweli.

Lakini hesabu haijakwisha, na sehemu iliyobaki ndiyo inayosahaulika. Mzigo uliofikishwa juu ni ule wa prosesa pamoja na umeme wote ulioliwa na bamba lenyewe. Wote huo lazima utoke kupitia pande la alumini au shaba lenye mapezi na feni, ambalo nitaliita kitawanya joto. Kitawanya joto kizuri hupanda digrii 0.3 hivi kwa kila wati juu ya halijoto ya hewa. Kile chembamba kilichokuja na kompyuta ya kawaida, tena kikiwa kimejaa vumbi jekundu la barabara, chaweza kupanda 0.8 au zaidi.

Tuchukue chumba chenye digrii 28, prosesa ya wati 35 na kitawanya joto kizuri cha 0.3. Bila bamba lo lote, prosesa ikigusana na kitawanya joto moja kwa moja, halijoto yake ni 28 kuongeza 35 mara 0.3, yaani digrii 38 na nusu. (Tunaacha kando kizuizi kidogo cha mafuta ya kugandishia.) Huo ndio mshindani wetu. Bamba lisiloweza kumshinda huyo halina kazi.

Sasa tuweke bamba katikati bila kulipa umeme. Joto lote la wati 35 lazima livuje kupitia bamba, na kwa nusu wati kwa digrii litahitaji tofauti ya digrii 70. Prosesa itafika digrii 108, ila haitafika, kwa sababu prosesa nyingi hujipunguzia kasi karibu na digrii 100 na mwishowe hujizima. Bamba lisilo na umeme ni blanketi. Fundi anayeunganisha bamba kwenye betri yake na kompyuta kwenye jenereta, kila kimoja na swichi yake, ajue kwamba siku betri itakapoisha kompyuta haitabaki kama ilivyokuwa kabla ya bamba, itakuwa imefunikwa.

Tuanze kuongeza. Kwa ampea 2, prosesa ina digrii 53: bado ni mbaya kuliko bila bamba. Kwa ampea 4 inafika digrii 30, na bamba linakula wati 36. Kwa ampea 5 inafika digrii 26 kwa wati 57. Kwa ampea 6 inabaki palepale, digrii 26, kwa wati 83. Kwa ampea 7 inapanda hadi 29 kwa wati 113, na kwa ampea 8 imekwisha fika 35, ilhali uso wa juu umepita digrii 80. Msomaji aangalie hatua ya kutoka ampea 5 hadi 6: wati 26 zimenunuliwa na hazikuleta hata digrii moja. Kilele kiko katikati yao. Kwa volti, ampea 4 zahitaji volti 9, ampea 5 volti 11 na nusu, na ampea 6 karibu volti 14.

Basi kwa anayetaka ubaridi wa juu kabisa bila kujali gharama, jibu la swali lililoulizwa ni volti 12 hivi, si 15, endapo kitawanya joto ni kizuri. Kwa anayejali gharama, na hapa sisi sote tunajali, volti 9 zatoa sehemu kubwa ya faida kwa chini ya theluthi mbili za wati.

Na endapo kitawanya joto si kizuri? Turudie hesabu kwa kile cha 0.8. Bila bamba, prosesa ina digrii 56. Kwa bamba na ampea 3, digrii 60. Kwa ampea 4, digrii 56 na nusu. Kwa ampea 5, digrii 59. Hakuna mkondo hata mmoja, mdogo au mkubwa, unaomshinda mshindani asiyekula umeme. Hili ndilo jambo ambalo ningependa fundi alijue kabla ya mengine yote: volti haiwezi kulipia upungufu wa kitawanya joto. Mchukuzi aliyefika kileleni akakuta pipa limejaa humwagikia mwenyewe.

5. Namna ya kulipa umeme

Betri ya asidi inayoitwa ya volti 12 si ya volti 12 daima. Ikichajiwa na jua la saa sita hupanda hadi kati ya volti 14 na 14.4, usiku hushuka chini ya 12. Bamba lililounganishwa moja kwa moja litapokea zaidi ya ampea 6 mchana, wakati hewa ina joto, na kula wati zaidi ya 80 bila faida. Kinachotakiwa ni kishusha volti kidogo kati ya betri na bamba, kilichopimwa kwa kifaa cha kupimia na kuwekwa kwenye volti 9 au 10, nacho kiwe na koili na kapasita za kulainisha mkondo.

Neno «kulainisha» si pambo. Wapo wanaopunguza nguvu ya bamba kwa saketi inayokatakata umeme mara nyingi kwa nukta, kama inavyofanywa kwa feni na taa. Kwa taa ni sawa. Kwa bamba si sawa, na sababu imo katika ule mraba. Tuseme umeme wa ampea 6 unapita nusu ya muda na kukatwa nusu ya muda. Wastani ni ampea 3, na joto linalobebwa ni la ampea 3. Lakini jasho la mchukuzi huhesabiwa kwa mraba: nusu ya muda kwa mraba wa 6 ni 18, ilhali ampea 3 zinazopita kwa utulivu zina mraba wa 9. Mzigo uleule, jasho maradufu. Watengenezaji wa mabamba aghalabu hutaka mtetemo wa mkondo usizidi asilimia 10.

Mbaya zaidi ni swichi ya halijoto inayowasha na kuzima bamba zima kila baada ya dakika chache, kama friji. Friji ina kuta nene za kuzuia joto, hivyo ikizimwa ubaridi wake hudumu. Bamba likizimwa, joto la kitawanya joto hurudi chini papo hapo kupitia lilelile bamba. Tena kila mzunguko hupanua na kubanisha viungo 254 vilivyosimama kati ya vigae viwili, na risasi iliyoviunga hupasuka kidogokidogo. Kikipasuka kimoja umeme wote umekatika, kwa sababu vimepangwa kwa mfuatano.

Pana na suala la maji. Hesabu zetu zimechukua prosesa inayofanya kazi kwa nguvu zote. Mchapaji akienda kula, prosesa hushuka labda hadi wati 10, na bamba la ampea 5 halijui kwamba mwenye kompyuta ameondoka. Linaendelea kubeba. Kwa mfano wetu, uso wa chini utashuka hadi digrii 11 chini ya sifuri. Hewa ya digrii 28 katika msimu wa mvua, yenye unyevu wa asilimia 75, huanza kutoa umande juu ya kitu cho chote kilicho chini ya digrii 23. Umande huo utaanguka juu ya pini za prosesa. Kompyuta iliyookolewa na joto itauawa na maji, na mwenyewe atasema ni umeme wa jenereta. Kampuni ya Intel ilijaribu kulitatua jambo hili mwaka 2020 kwa kipoza chenye bamba la Peltier kilichopima unyevu wa hewa na kurekebisha mkondo ili uso usishuke chini ya kiwango cha umande. Mradi wenyewe uliachwa mwaka 2023. Asiye na chombo cha namna hiyo afadhali achague mkondo mdogo, na apake mpira usiopitisha hewa pembeni mwote mwa bamba.

Nyaya nazo zisibadilishwe. Ukigeuza mwekundu na mweusi, uso wa baridi huwa wa moto, kama tone la Lenz lilivyoyeyuka, na prosesa hupikwa.

6. Hesabu ya betri na suala la jina

Bamba la wati 57 kwa saa 8 za kazi hutumia wati-saa 456. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo zabaki 600. Bamba la jua la wati 100, tukilipa saa 4 au 5 za jua kamili, huleta wati-saa 400 hadi 500 kabla ya upotevu. Kwa hiyo bamba moja la jua lafanya kazi siku nzima ili kushusha prosesa kutoka digrii 38 hadi 26, ilhali prosesa yenyewe huishi salama hata katika digrii 60. Kwa maoni yangu, katika ofisi nyingi za njia panda hii fedha za bamba zingefaa zaidi kununulia feni, mafuta mapya ya kugandishia na brashi ya vumbi. Bamba lina mahali pake: kisanduku kilichofungwa kisichoingiza hewa, au kifaa kinachotakiwa kiwe chini ya halijoto ya chumba. Prosesa ya kuchapia barua si mojawapo.

Ama kuhusu jina, wapo wanaopendekeza «kipozaji» na wapo wanaosema tu «peltie». Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 imetupatia msingi mzuri wa istilahi za umeme na joto, na waliotangulia walifanya kazi kubwa. Mimi nina pendekezo dogo: liitwe «kihamisha joto cha Peltier», na nyuso zake ziitwe «uso wa kutolea» na «uso wa kupokelea». Najua jina hilo ni refu, na mafundi hawana muda wa majina marefu. Wakilifupisha kuwa «kihamisha» si neno, mradi wasiliite «kitoa baridi».

Na fundi asiyependa hesabu ana njia nyepesi ya kuhakikisha. Aiwashe kompyuta ifanye kazi nzito, asubiri dakika 15 halijoto itulie, aisome katika programu ya kupimia. Kisha ashushe volti ya bamba kwa volti 1, asubiri tena, asome tena. Halijoto ikishuka au ikibaki ilipo, alikuwa amepita kilele, na aendelee kushusha. Ikianza kupanda, arudi nusu volti. Baada ya hapo aliondoe bamba kabisa, aweke kitawanya joto peke yake juu ya prosesa, na asome kwa mara ya mwisho.